Uchungu wa Mwanafunzi Si Kosa la Nidhamu: Shule, Familia na Parokia katika Kuzuia Kujiua

Mwezi Januari, Baraza la Mitihani la Tanzania (NECTA) linapotangaza matokeo ya kidato cha nne, watu wa Kibondo na Kasulu hukusanyika penye simu yenye mtandao. Orodha ile huonyesha namba za watahiniwa, si majina. Hata hivyo, kabla jua halijazama kijiji kizima kimekwisha jua namba ipi ni ya mtoto wa nani. Kwa familia iliyouza magunia ya maharage, pengine na ng'ombe, ili mtoto asome miaka minne, kupata sifuri ni msiba. Tangu Januari 2023 Baraza limeacha kutangaza shule bora na wanafunzi bora kitaifa, uamuzi ambao mimi nauona wa busara. Lakini kipimo cha kijijini hakikufutwa na uamuzi huo; bado mtoto hupimwa kwa mtoto wa jirani.

Makala hii yawahusu wanafunzi wanaofikia hatua ya kuona kwamba ni afadhali wasiwepo. Imeandikwa kwa ajili ya wazazi, walimu, makatekista, viongozi wa Jumuiya Ndogo Ndogo za Kikristo, na walezi wa TYCS na Utoto Mtakatifu, yaani wale wanaokutana na mwanafunzi kabla hajafika kwa daktari. Hoja yake ni moja: uchungu wa mtoto si kosa la nidhamu, na kila mahali tunapouadhibu, iwe kwa fimbo, kwa sheria au kwa mafundisho ya dini yaliyoeleweka vibaya, tunamfunga mtoto kinywa wakati ule ule anapohitaji kusema.

Ukubwa wa jambo lenyewe

Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba katika mwaka 2021 watu wapatao 727,000 duniani walikufa kwa kujiua. Kwa vijana wa miaka 15 hadi 29, kujiua kulikuwa chanzo cha tatu cha vifo. Karibu robo tatu ya vifo hivyo hutokea katika nchi za kipato cha chini na cha kati, nchi kama yetu. Basi yale maneno kwamba hilo ni tatizo la Wazungu, ambayo husikika hata vinywani mwa watu waliosoma, hayana ukweli. Shirika hilo hilo linaeleza kwamba karibu theluthi moja ya magonjwa ya akili huanza kabla ya mtu kutimiza miaka 14, na mengi hayatambuliwi. Huo ndio umri wa darasa la saba na kidato cha kwanza.

Ugonjwa unaotajwa zaidi katika habari hii ni sonona. Sonona si huzuni ya kawaida. Mtoto aliyefiwa na bibi yake huhuzunika, hulia, kisha siku zikipita hurudi mchezoni. Mwenye sonona hubaki mle mle kwa majuma na miezi: hana hamu ya chakula wala ya michezo aliyoipenda, usingizi umemtoka au umemzidi, na moyoni hujiona mzigo kwa wazazi wake. Tena kwa watoto mara nyingi haionekani kama machozi. Huonekana kama hasira, ukaidi, utoro, kusinzia darasani, kushuka kwa alama, au maumivu ya kichwa na tumbo ambayo zahanati haioni chanzo chake. Wasomaji walio walimu wazitazame tena dalili hizo. Karibu kila moja, katika shule zetu, ina adhabu yake.

Dalili za hatari kubwa zaidi ni nyingine. Mwanafunzi huanza kusema kwamba watu watapumzika akiondoka, au kwamba hataonana tena na wenzake. Hugawa vitu anavyovipenda: madaftari, nguo nzuri, hata rozari aliyopewa siku ya Kipaimara. Huacha kwaya bila sababu. Pengine, baada ya majuma ya mahangaiko, hutulia ghafla, na nyumbani wakashukuru kwamba sasa amepona. Utulivu wa namna hiyo usipokelewe kwa furaha tu; aulizwe. Si kila mwenye dalili hizi ana nia ya kujiua, lakini kila mwenye dalili hizi anastahili kusikilizwa.

Mizigo ya Kibondo na Kasulu

Kila mahali pana mizigo yake. Huku kwetu shule za sekondari za kata zimeongezeka, na Elimu bila Malipo iliyoanza 2016 imeingiza watoto wengi madarasani. Jambo la kumshukuru Mungu. Lakini shule nyingi hazina mabweni, na mwendo wa kutoka vitongojini ni mrefu. Kwa hiyo mtoto wa miaka kumi na mitatu au kumi na minne hupangishiwa chumba karibu na shule, ambacho wenyewe hukiita geto. Hupewa debe la unga, maharage na fedha kidogo, naye hujipikia, hujifulia na kujilinda. Wazazi nao, msimu wa kilimo ukifika, huhamia mashambani kwa miezi, mbali na kijiji, kama wanavyofanya wengi wanaolima Kagera Nkanda. Mtoto wa namna hii aweza kukaa siku tatu bila kula wala kulala, asiwepo mtu mzima wa kuligundua hilo. Nadhani hakuna jambo ambalo parokia zetu zingeweza kulirekebisha kwa gharama ndogo zaidi kuliko hili. Jumuiya iliyo jirani na shule ijue mageto yaliyo katika eneo lake, na kila Jumapili baada ya Misa mama mmoja wa WAWATA au baba mmoja wa UWAKA apite kubisha hodi.

Pili, kuna makambi. Nyarugusu iliyoko Kasulu imewapokea wakimbizi kutoka Kongo tangu 1996, na Nduta iliyoko Kibondo ilifunguliwa tena mwaka 2015 kwa ajili ya ndugu zetu wa Burundi. Humo wamo watoto walioona mauaji, na wamo waliozaliwa kambini wasioijua nchi wanayoambiwa kuwa ni yao. Swali la lini watarudishwa huwakesha usiku watu wazima. Tusidhani kwamba watoto hawalisikii. Mapadre, watawa na makatekista wanaotoa huduma za kichungaji makambini wanajua kwamba huko habari ya afya ya akili si nyongeza ya huduma.

Tatu ni ukatili, na hapa sitarefusha. Utafiti wa kitaifa uliofanyika 2009 na kutangazwa 2011 ulionyesha kwamba karibu wasichana watatu kati ya kumi nchini, na mvulana mmoja kati ya saba, walifanyiwa ukatili wa kijinsia kabla ya miaka 18. Mtoto anayebeba siri ya namna hiyo, hasa ikiwa aliyemtenda ni ndugu au mtu anayeheshimiwa, hubeba mzigo unaoweza kumvunja. Anayemsikia ana wajibu wa kutoa taarifa kwa afisa ustawi wa jamii au kwenye Dawati la Jinsia na Watoto la Polisi. Kusuluhisha nyumbani kwa mbuzi na pombe ni kumhukumu mtoto mara ya pili.

Nne ni mimba shuleni. Hadi mwaka 2021 msichana aliyepata mimba alifukuzwa shule, na mlango ukafungwa. Tarehe 24 Novemba 2021, Profesa Joyce Ndalichako, aliyekuwa Waziri wa Elimu na ndiye Mbunge wa Kasulu Mjini wakati huo, alitangaza kwamba wanafunzi walioacha masomo kwa sababu mbalimbali, pamoja na hao waliojifungua, wataruhusiwa kurudi katika mfumo rasmi. Wengi vijijini hawajalisikia hilo. Msichana anayegundua hali yake usiku katika geto lake bado anaamini kwamba maisha yamekwisha, na hofu ya baba inaongezwa na hofu ya kusimamishwa mbele ya kanisa. Tunaofundisha kwamba uhai wa mtoto aliye tumboni ni mtakatifu, tutambue kwamba uhai wa mama huyo wa miaka kumi na sita ni mtakatifu vile vile, na kwamba aibu tunayomvika huhatarisha uhai wa wote wawili.

Kanisa lafundisha nini

Hapa pana kutokuelewana kwingi, na madhara yake si madogo. Wazee wetu wengi walifundishwa dini chini ya Sheria za Kanisa za mwaka 1917, ambazo kanuni yake ya 1240 iliwanyima maziko ya Kanisa waliojiua kwa kusudi. Kumbukumbu hiyo imedumu. Hata leo huulizwa katika jumuiya kama marehemu wa namna hiyo aombewe au asiombewe, na kama watu waende msibani.

Jibu li wazi. Sheria za Kanisa za mwaka 1983 ndizo zinazotumika sasa, na kanuni ya 1184, inayotaja wanaonyimwa maziko ya Kanisa, haiwataji waliojiua. Katekisimu ya Kanisa Katoliki, katika namba 2280 hadi 2283, inafundisha mambo mawili kwa pamoja, nasi hatuna ruhusa ya kuchukua moja na kuacha jingine. La kwanza: uhai ni wa Mungu, sisi ni mawakili wake, si wenyewe, kwa hiyo kujiua ni tendo lililo kinyume cha upendo wa Mungu, wa nafsi na wa jirani. La pili: matatizo mazito ya akili, uchungu mkubwa na hofu kali hupunguza wajibu wa mtu kwa alilotenda, tusikate tamaa juu ya wokovu wa milele wa mtu huyo, kwa kuwa Mungu anazo njia anazozijua Yeye peke yake, na Kanisa humwombea. Mtoto wa miaka kumi na mitano mwenye sonona, ambaye kwa majuma hakulala, yu ndani kabisa ya maneno haya ya pili.

Katika Maandiko tunaye Eliya nabii. Sura ya 19 ya Kitabu cha Kwanza cha Wafalme inasimulia jinsi alivyokimbilia jangwani, akaketi chini ya mti, akamwomba Mungu amtwae. Tazama alivyotendewa. Hakukemewa kwa kukosa imani, wala hakuambiwa kwamba wengine wana shida kubwa kuliko zake. Malaika alimgusa, akampa mkate na maji, akamwacha alale, akamwamsha ale tena. Mazungumzo na Mungu yalikuja baadaye, mlimani, na mwishoni akapewa mwenzi wa kazi, Elisha. Chakula, usingizi, mtu wa kusikiliza, na mwenzi: mpangilio huo hata waganga wa akili hawana sababu ya kuukataa.

Neno kuhusu maombezi nalo ni la lazima. Mtoto akibadilika tabia, familia nyingi huanza kwa mganga, nyingine kwa mhubiri atakayemfukuza pepo. Sala kwa ajili ya mgonjwa ni yetu, na Mpako Mtakatifu ni sakramenti yetu. Haviwi badala ya hospitali, kama visivyo badala ya hospitali kwa malaria. Kumwambia mtoto anayejiona hana thamani kwamba ndani yake amekaa shetani ni kumthibitishia alilokwisha kuliamini.

Upande wa sheria ya nchi, Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, katika kifungu cha 217, inahesabu jaribio la kujiua kuwa kosa. Sheria ya namna hii tulirithi kwa Waingereza, ambao wao wenyewe waliifuta kwao mwaka 1961, miezi michache kabla ya uhuru wa Tanganyika. Nchini Kenya, Januari 2025 Mahakama Kuu ilitamka kwamba kifungu cha kwao kinachofanana na hicho kinapingana na Katiba. Wanasheria wa kwetu watajadili. Kwa mzazi jambo ni jepesi zaidi: hofu ya polisi isimfanye amfiche mtoto ndani. Mtoto aliyejaribu kujidhuru ni mgonjwa wa dharura, apelekwe hospitali saa ile ile.

Fimbo, na funzo kutoka Nyarugusu

Kanuni za adhabu ya viboko zilizotungwa chini ya Sheria ya Elimu zinaruhusu viboko visivyozidi vinne, kwa kosa zito, vikitolewa na mkuu wa shule au mwalimu aliyemwidhinisha kwa maandishi, na kuandikwa katika daftari. Kila msomaji aliyepita shule zetu anajua umbali uliopo kati ya maneno hayo na yanayotendeka asubuhi mstarini. Sizungumzii hapa mjadala mzima wa fimbo. Nasema tu kwamba mtoto anayechapwa kwa kusinzia, kumbe hajalala usiku kwa sababu ya mawazo, amefundishwa jambo moja siku hiyo: asimwambie mwalimu chochote.

Je, walimu wanaweza kubadilika? Wasomaji wa Kasulu watapenda kujua kwamba swali hilo liliwahi kupimwa karibu nao. Katika kambi ya Nyarugusu, shule 27 za msingi na sekondari zilishiriki katika utafiti wa mpango ulioitwa EmpaTeach, ambao walimu walikutana wenyewe kwa wenyewe katika vikundi kwa majuma kadhaa, wakajifunza kutuliza hasira na kuongoza darasa bila ukatili. Matokeo, yaliyochapishwa 2021, yalikuwa kwamba ukatili wa walimu haukupungua. Ni habari ya kusikitisha, lakini ni ya manufaa, kwa sababu inatuonya tusitegemee semina. Mwalimu mwenye wanafunzi wengi kupita kiasi, mwenye msongo wake mwenyewe na bila msaada kutoka juu, harudi kuwa mpole kwa kusoma kitabu na wenzake.

Utafiti mwingine, wa Ulaya, uliwahusisha wanafunzi 11,110 katika shule 168 za nchi kumi, na ulichapishwa 2015. Ulilinganisha njia tatu: kuwafundisha walimu kutambua dalili, kuwapima wanafunzi kwa dodoso na kuwapeleka wenye hatari kwa wataalamu, na kuwafundisha wanafunzi wenyewe, kwa saa tano hivi ndani ya majuma manne, kuhusu msongo, sonona, na namna ya kumsaidia rafiki. Baada ya mwaka mmoja, ni njia ya tatu tu iliyoonyesha tofauti ya uhakika: majaribio ya kujiua yalipungua kwa karibu nusu. Ulaya si Kibondo. Hata hivyo sababu yake inaeleweka hata kwetu, maana wa kwanza kujua siri ya mwanafunzi si mwalimu wala padre, ni mwenzake wa dawati au wa geto. Mwenzake huyo mara nyingi ameapishwa asiseme. Afundishwe kwamba siri ya namna hii haitunzwi, na kwamba kumwambia mtu mzima si usaliti. Vikao vya TYCS ndivyo mahali pake, na saa tano zinapatikana ndani ya muhula mmoja bila mfadhili yeyote.

Kuuliza, kukaa, kupeleka

Watu wengi huogopa kuuliza. Hudhani kwamba ukimtajia mtoto neno kujiua utampandia wazo. Wataalamu wa afya ya akili wanakubaliana kwamba sivyo: kuuliza kwa upole hakupandi wazo, bali humpunguzia mtoto upweke. Ulizeni kwa maneno mepesi, mkiwa mmekaa, mahali pasipopita watu. "Mwanangu, naona siku hizi umenyong'onyea. Je, kuna wakati unaona afadhali usiwe hai?" Kisha nyamazeni mpate jibu. Likija jibu la ndiyo, msihubiri, msilie kupita kiasi, msilinganishe, wala msimwapishe kwa Msalaba kwamba hatarudia wazo hilo. Mwulizeni kama amekwisha panga lolote. Mshukuruni kwa kusema.

Mtoto huyo asiachwe peke yake usiku huo. Dawa za shambani na za kuhifadhia mazao, pamoja na dawa za hospitali zilizobaki nyumbani, zitolewe ndani au zifungiwe na ufunguo akae nao mtu mzima. Jambo hili huonekana dogo, lakini limeokoa maelfu. Sri Lanka ilipopiga marufuku viuatilifu vikali zaidi, vifo vya kujiua nchini humo vilipungua kwa zaidi ya nusu katika miongo miwili. Sababu ni kwamba saa ya hatari mara nyingi ni fupi. Anayevushwa saa hiyo kwa kawaida huendelea kuishi. Katika vijiji vyetu, ambako dawa ya mahindi huwekwa chini ya kitanda kile kile anacholala mtoto, kufuli moja ni huduma ya uhai.

Asubuhi apelekwe. Hospitali za wilaya za Kibondo na Kasulu, na hospitali ya misheni ya Kabanga, ndizo za karibu. Ombeni mhudumu wa afya ya akili, na asipokuwepo anzeni na daktari wa zamu. Wao ndio watakaoamua kama ipo haja ya kwenda Maweni, Kigoma, au mbali zaidi hadi Mirembe, Dodoma. Akipewa dawa zisikatishwe anapoanza kucheka. Dawa za sonona huchukua majuma kufanya kazi, na huachwa kwa maelekezo ya daktari tu. Namba 116 ni simu ya taifa ya huduma kwa mtoto. Hupigwa bure, na mtoto mwenyewe aweza kuipiga. Iandikwe ukutani katika kila darasa la katekesi.

Kinachobaki ni nauli, na hapo ndipo watu wetu hukwama. Mwaka 2005 daktari wa akili wa Zimbabwe, Dixon Chibanda, alimpoteza mgonjwa kijana aliyetakiwa kurudi hospitali lakini akakosa fedha ya basi. Kutokana na msiba huo alianza kuwafundisha akina bibi wa Mbare, mtaa wa Harare, kuketi na wenye uchungu kwenye benchi nje ya zahanati, kuwasikiliza na kutafuta nao suluhisho la tatizo moja kwa wakati mmoja. Utafiti uliochapishwa 2016, kwa watu wazima 573, ulionyesha kwamba waliopitia benchi hilo walikuwa na dalili chache zaidi baada ya miezi sita kuliko waliopata huduma ya kawaida. Akina bibi wenye busara tunao katika kila kigango. Ila wafundishwe kwanza na wahudumu wa hospitali, na wawe watu wasiopeleka habari sokoni. Mfuko wa jumuiya unaotoa rambirambi mtu akifa unaweza pia kutoa nauli kabla hajafa. Napendekeza jambo hili lijadiliwe katika Halmashauri za Walei bila kuchelewa.

Siri ya mwalimu na siri ya padre

Mwalimu, mlezi au katekista asimwahidi mtoto kwamba atatunza siri yoyote atakayoambiwa. Aseme mapema: "Nitakutunzia heshima yako, lakini kama uhai wako uko hatarini nitawaambia watu wachache wanaoweza kukusaidia, nawe nitakuambia ni akina nani."

Padre yumo katika hali nyingine. Lililosemwa katika kitubio limefungwa kwa muhuri usiovunjwa kwa sababu yoyote, na kanuni ya 983 haiachi upenyo. Kwa hiyo anayesikia jambo hili kitubioni amfariji mtoto, amhakikishie kwamba wazo linalomjia bila kulikaribisha si dhambi, kisha amwombe kwa upole wazungumze nje ya maungamo, siku hiyo hiyo, au amruhusu amsindikize kwa mtu mwingine anayemwamini. Mtoto akikubali na kulirudia nje ya kitubio, padre anaweza kutenda. Wazazi wanaomlaumu padre kwamba alijua akanyamaza, waelewe kwamba muhuri huo ndio unaowafanya watoto wengi wathubutu kusema kwa mara ya kwanza.

Msiba ukiisha kutokea

Pengine pamoja na juhudi zote mtoto hufa. Shule na parokia ziwe na lugha moja. Asimuliwe kama mtoto aliyeishi na kupendwa. Njia ya kifo isielezwe, wala barua aliyoiacha isisomwe hadharani, wala picha zisitumwe katika makundi ya WhatsApp. Mahubiri ya mazishi yasimfanye shujaa aliyepumzika, maana wenzake darasani wanasikiliza. Wala yasimfanye mfano wa waliopotea, maana mama yake yupo kiti cha mbele. Majuma yanayofuata, marafiki zake wa karibu, aliyegombana naye mwisho, na mdogo wake, waangaliwe kwa jicho la pekee. Tuwe pia waangalifu kutotafuta mhalifu haraka. Kifo cha namna hii kwa kawaida hakina sababu moja, na kumtwika mwalimu mmoja au mchumba mmoja lawama yote kwaweza kuzaa msiba wa pili.

Na yule aliyejaribu akaokolewa, hurudi shuleni. Siku hiyo ni ngumu kuliko watu wanavyodhani. Mkuu wa shule akutane naye pamoja na mzazi kabla hajaingia darasani; wakubaliane nini kitasemwa kwa wenzake, na nani atakuwa mwalimu wake wa kumwendea wakati wowote bila kuomba ruhusa. Apunguziwe majaribio ya nyuma. Jina lake lisiandikwe katika daftari la makosa. Kama yu katika geto, asirudi huko muhula huo. Atafutiwe familia ya kukaa nayo, na kama mzazi hana jamaa karibu na shule, paroko aulizwe kwanza, maana mara nyingi parokia inaijua nyumba yenye nafasi ya kitanda kimoja na sahani moja zaidi.